Begi la mgongoni la safari za siku moja Tanga: lipime kwa ndoo kabla hujalinunua

Mwana wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kila likizo ikikaribia napigiwa simu na ndugu wa Dar na Arusha: tunakuja Tanga, tunataka mapango ya Amboni, tunataka fungu la Maziwe baharini, tunataka kupanda milima ya Amani, tubebe begi gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka hapa, wazoefu waongezee au wanipinge.

Naongelea kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna hema, hakuna jiko, usiku unalala kwako.

Wengi wanaanza na begi. Wanaliona limening'inizwa, rangi imewakaa, mifuko kibao, wanalipa, ndipo wanatafuta cha kulijaza. Na litajaa tu, maana begi likiwa na nafasi mtu haachi kutia. Anza na mzigo. Tandika mkeka, panga vyote unavyodhani utavihitaji, halafu chukua ile ndoo ya lita 20 ya kuchotea maji, ikaushe vizuri, utie vitu humo pamoja na chupa za maji. Vikiingia na mfuniko ukafunga, unatafuta begi la lita 20. Visipoingia usikimbilie begi kubwa, rudi kwenye mkeka uondoe. Mtu mzima mmoja, kwa mizunguko yetu hii ya pwani, lita 18 hadi 25 zinamtosha. Ukiniambia unahitaji lita 40 kwenda Amboni, nitakuuliza unahamia?

Wauza mitumba wa Ngamiani hawana habari na lita, na lebo mara nyingi imeshang'olewa. Nenda na vitu vyako kwenye kiroba, uvipange ndani ya begi palepale mezani kwake. Atanung'unika kidogo, ila atakuacha, maana ameshaona una nia ya kununua.

Likija suala la mgongo, huku ndiko watu wanakoumia. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, kuna fupa linachomoza. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Usawa wa vidole hivyo ndio mwisho. Mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani, uandike. Ukifika sokoni pima begi kutoka mikanda ya mabega inapoanzia hadi ulipo mkanda wa kiuno. Namba zikikaribiana, chukua. Begi likizidi sana litakugonga makalio kila hatua. Likiwa fupi mno mkanda wa kiuno utakukaa tumboni, na ukishakula mkate wa kumimina na chai utaona tabu yake.

Kuhusu uzito, maji ndiyo yanayokula hesabu yote. Lita moja ni kilo moja, hilo halina mjadala. Kwa joto la huku, mtu anayetembea nusu siku abebe lita mbili, na kama kuna kupanda mlima au kukaa juani, tatu. Kwa hiyo kabla hujatia hata leso, una kilo tatu mgongoni. Begi lenyewe lisizidi kilo moja, na mzigo mzima usivuke sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ukiwa na kilo 60, kikomo chako ni kilo sita. Toa tatu za maji, toa moja ya begi, umebakiwa na mbili za chakula, nguo na vikorokoro. Sasa unaelewa kwa nini ile spika ya bluutuu ibaki nyumbani.

Nawasilisha. Upangaji nitauweka baadaye, kwanza nisikie wadau.

Binti Raskazone

Uzi mzuri kaka. Naongezea kwa upande wetu akina dada. Mikanda ya mabega iliyonyooka inatubana kifuani na kwapani, tafuta yenye mkunjo kidogo. Na mkanda wa kifua uwe unapanda na kushuka. Ukiwa umeshonwa sehemu moja, utakuta unakatiza pabaya.

Halafu mnisaidie: begi lenye wavu mgongoni, lile linaloacha nafasi ya hewa, lina faida kweli au mbwembwe? Maana huku jasho halikauki.

Mwana wa Chumbageni

Dada, lina faida na lina gharama yake. Hewa inapita kweli, lakini ule wavu unausukuma mzigo mbali na mgongo, na mzigo ukikaa mbali unakuvuta nyuma. Kwa lita 20 mvuto huo ni mdogo, chukua tu. Ila angalia ule upinde wa ndani unaotanua wavu usiwe unakula nafasi. Mengine ukiyafungua ndani ni membamba na yamepinda, hata chupa haisimami wima.

Fundi Cherehani 12

Ngoja niseme kama mtu ninayeletewa mabegi yaliyokatika kila siku. Msiangalie rangi wala jina. Ligeuzeni ndani nje. Angalieni pale mkanda wa bega ulipoungana na begi juu, na pale chini mkanda mwembamba ulipotokea. Hapo panatakiwa pawe na mraba wa mshono wenye msalaba ndani yake. Ukikuta mstari mmoja wa uzi tu, vuta kwa mikono miwili huku unaangalia matundu ya sindano. Yakifunguka ukaona mwanga, hilo begi ni la kubebea madaftari.

Lakini usilikatae kwa hilo tu kama mengine yote yako sawa. Mpelekee fundi viatu, wala sio sisi wa nguo, akupigie uzi wa nailoni kwa sindano yake ya mkono. Dakika chache, na hapo hapakatiki tena.

Kwa mitumba kuna kitu kingine. Ingiza mkono ndani usugue kitambaa. Kama kinanata, au kuna unga mweupe unabaki vidoleni, ule utando wa kuzuia maji umeshaoza. Haurekebishiki, na utakuchafulia nguo zote. Hata likinukia sabuni, acha.

Zipu: ifungue na kuifunga kwenye kona, si kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona ndiko zinakofia. Zipu za plastiki zenye meno makubwa zinavumilia chumvi kuliko za chuma.

Kipepeo wa Maramba

Fundi umenifungua macho. Mimi niliagiza la mtandaoni, duka silitaji, picha ilikuwa nzuri hatari. Bega moja liliachia stendi ya Muheza kabla hata hatujapanda gari la Amani. Nikalibeba kama kifurushi siku nzima.

Mwana Pangani

Wakuu mnaongea sana nchi kavu. Njooni huku baharini.

Maziwe ni fungu la mchanga. Zamani lilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanataga, leo hakuna mti hata wa kuning'inizia kofia. Bahari ikijaa, fungu linafunikwa, ndiyo maana hata mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Maana yake kwa begi lako: kivuli unakibeba mwenyewe, na hakuna pakavu pa kuliweka siku nzima. Nahodha anapanga safari kwa maji kupwa, na akisema tuondoke, hamna muda wa kupanga vitu vizuri.

Kupanda na kushuka chombo unaingia majini, mara nyingine magotini, mara nyingine kiunoni. Begi linaenda kichwani. Kwa hiyo fanya jaribio nyumbani: bebesha begi kichwani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ushike ndala. Likikushinda sebuleni, majini utaliangusha.

Zile mifuko laini za rambo tulizokuwa tunafungia simu zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na heri, maana hata hazikuwa zinazuia kitu. Wavuvi tunatumia kopo la plastiki la mdomo mpana lenye mfuniko wa kusokota, lile la siagi ya karanga. Simu, pesa, kiberiti, vyote humo. Likidondoka linaelea.

Na ukipanga kwenda, uliza kwanza kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapocheza kidogo tu. Wakati wa bamvua maji yanapwa mbali, utatembea na mzigo kwenye matope na mawe ndipo ukifikie chombo. Vaa raba za kamba zinazoshika mguu. Ndala zitabaki kwenye tope.

Mpanda Vilima

Mwana Pangani kasema kweli, ila Amani ni habari nyingine kabisa. Kule ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua haisubiri masika wala vuli. Karibu milimita 2,000 kwa mwaka zinashuka. Unaondoka Tanga jua linawaka, ukipita geti la Zigi ukaanza kupanda, msitu unadondosha maji.

Watu wananunua lile koti la begi, yaani kifuniko cha mvua cha nje, wanadhani wamemaliza. Mvua ya msituni inapita mgongoni kwako, inashuka kati ya mgongo na begi, ambako koti halifiki. Kinga ya kweli inakaa ndani. Mimi nanunua nailoni nene dukani kwa wauza vifaa vya ujenzi, ile inayouzwa kwa mita. Natandaza ndani ya begi kipande kikubwa kuliko begi, napanga vitu juu yake, naikusanya midomo juu, nasokota na kuifunga kwa kipande cha tyubu. Haina mshono, haina zipu, maji yapite wapi?

Na kule juu kunapoa. Beba sweta jembamba hata kama uko Tanga unatokwa jasho. Suruali ndefu, soksi ndefu.

Jingine kwa wapenda maua: yale maua madogo ya urujuani mnayoyaona kwenye miamba, ambayo Mzungu mmoja mtawala wa Kijerumani alituma mbegu zake Ulaya miaka ya 1890 na sasa yanauzwa kwenye vyungu dunia nzima, yaacheni yalipo. Ile ni hifadhi tangu 1997. Nimeshaona mtu anatengeneza nafasi kwenye begi kwa ajili ya miche, nikamwambia ukweli wake.

Mtoto wa Makorora

Naomba kuuliza, yale mabegi yenye mfuko wa maji ndani na mrija wa kunyonyea, vipi? Naona wakimbiaji wanayo.

Mpanda Vilima

Nayakubali mia kwa mia. Unakunywa bila kusimama, na maji yanakaa katikati ya mgongo, mzigo hauyumbi.

Mwana wa Chumbageni

Mpanda Vilima hapa tunapishana. Kwa hewa ya pwani ule mrija ni mradi wa kulea kuvu. Usipoukausha hadi ndani kila unaporudi, safari ya pili unakunywa harufu. Isitoshe huoni umebakiza kiasi gani, unashtukia unanyonya upepo. Chupa mbili za lita moja na nusu za dukani, zile ulizonunua na maji yake, ni nyepesi, ngumu, unaziona zinavyopungua. Moja kila upande ili begi lisilale. Moja igandishe usiku, ila usiijaze hadi juu, barafu inatanuka. Izungushie leso, la sivyo itatoa jasho na kulowesha mkate.

Mpanda Vilima

Haya, kila mtu na mrija wake. Mimi nauning'iniza nyuma ya friji, unakauka.

Mzee wa Skauti

Wanangu, nimesoma kimya kimya. Shanta tumebeba tangu ujana, niruhusuni kidogo.

Chakula. Msibebe wali wa nazi. Nazi na joto la begi haviivani, saa sita mchana umeshachacha. Chapati kavu, katlesi zilizokaangwa zikaiva hadi ndani, mihogo, karanga, tende. Machungwa ya Muheza yana maji na yamekuja na ganda lake, hayahitaji kopo. Maganda mnarudi nayo.

Kikasha cha dawa kiwe kidogo: bendeji moja ya kuvutika, plasta, pamba safi, dawa ya maumivu uliyoizoea, na pakiti mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Mkiishiwa ORS, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi. Msikadirie kwa macho, chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto.

Filimbi muifunge kwenye mkanda wa bega. Isiwe ndani ya begi. Mara tatu, nyamaza, sikiliza, mara tatu tena. Sauti ya binadamu inachoka upesi, filimbi haichoki.

Na kabla ya kuondoka, mtu wa nyumbani ajue mnaelekea wapi na mtarudi saa ngapi. Hilo halina uzito wowote.

Binti Raskazone

Shikamoo mzee. Asante sana. Na kwa watoto? Nina wa miaka saba anang'ang'ania begi lake.

Mzee wa Skauti

Marahaba binti yangu. Mpe. Mtilie chupa yake ndogo, kofia na leso, basi. Ila hesabu kwamba akichoka, begi lile ni lako, kwa hiyo lako liwe na nafasi ya kulimeza.

Mwana wa Chumbageni

Sasa niweke upangaji kama nilivyoahidi, nikichanganya na ya wadau.

Chini kabisa ni vya mwisho wa safari: nguo kavu, taulo kama huwezi kuishi bila taulo. Mimi natumia kikoi, kinafuta, kinakaliwa, kinafunika kichwa, kinafungia mkono ulioteguka. Vizito, yaani maji ya akiba na chakula, vikae katikati ya begi vikigusa mgongo, usawa wa mabega na mbavu. Ukiviweka chini vinakuvuta kiunoni, ukiviweka nje kwenye mfuko wa mbele vinakuvuta nyuma, utatembea umeinama bila kujua kwa nini shingo inauma. Juu kabisa ni vya dharura: koti la mvua, kikasha cha dawa. Mifuko ya nje ni ya mkono: karanga, mafuta ya jua, leso ya jasho.

Tochi ina mahali pake maalumu, na hapa ndipo Amboni inapoingia. Kuna mapango kama kumi pale, ila wageni wanatembezwa kwenye moja. Mwongoza watalii ana tochi yake, wewe beba yako, ya kuvaa kichwani, maana kuna sehemu unainama hadi unatembelea mikono. Jiwe lile la chokaa ni kali na paa linashuka ghafla. Begi lililonyanyuka juu ya kichwa chako litakwama. Begi lenye chupa zimetokeza pembeni litakwama. Sehemu hizo nyembamba livue, lisukume mbele yako au mpe mwenzako alipitishe. Simu usiitegemee kama tochi, utaihitaji ukitoka. Na vitu vya mifuko ya nje vifungwe zipu: chini ya giza lile kuna kinyesi cha popo, ukiangusha funguo hutapenda kuzipapasa.

Baiskeli Kwanza

Hii ni Tanga, mbona hakuna aliyetaja baiskeli? Amboni ni kilomita nane hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro, kwa nini mtu abebe mzigo mgongoni? Begi linakaa kwenye keria, linafungwa kwa mpira wa tyubu, mgongo unapigwa upepo. Mikanda ikusanywe na ifungwe, ikiingia kwenye spoku utalamba lami. Ukifika ndipo unalivaa.

Wa bodaboda nao: ukikaa nyuma na begi zito mgongoni, kila anapoingiza gia linakuvuta uanguke chali. Mwambie dereva aliweke mbele yake juu ya tangi, au lipakate katikati yenu.

Kipepeo wa Maramba

Baiskeli Kwanza, na Tongoni kwenye magofu je? Nataka kwenda wiki ijayo na wenzangu wawili.

Baiskeli Kwanza

Inafika, ni njia ya Pangani, ila ni mbali kama mara mbili ya Amboni. Ondokeni alfajiri. Kwenye magofu yenyewe hamtembei sana, jua ndilo litakalowasumbua, kwa hiyo maji na kofia, mengine mpunguze. Watatu mnaweza kuwa na kikasha kimoja cha dawa na pampu moja. Msibebe kila mtu vyake.

Fundi Cherehani 12

La mwisho kutoka kwangu kabla sijafunga kibanda. Mkirudi kutoka baharini, begi lisuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, zipu zikiwa wazi, mchanga utoke kwenye kona. Lianikwe kivulini limepinduliwa. Jua kali linachoma uzi wa mikanda haraka kuliko chumvi. Likishakauka, sugua kipande cha mshumaa kwenye meno ya zipu, fungua na funga mara kadhaa. Anayeleta begi kwangu zipu ikiwa imeshaganda kwa chumvi, namwambia bei ya zipu mpya moja kwa moja.

Mtoto wa Makorora

Fundi, zipu ya chuma iliyoganda haifunguki kabisa hata kwa mafuta ya nazi?

Fundi Cherehani 12

Maji ya moto kwanza, chumvi iyeyuke. Mafuta ukitanguliza yanashika mchanga, ndiyo unaiua. Ikigoma, lilete kesho asubuhi.